Kukanda na Kuchua: Hesabu ya Siku Zake katika Nchi ya Karatu na Ngorongoro

Katika nchi iliyo kati ya Rhotia na ukingo wa Ngorongoro liko swali ambalo mwalimu huulizwa mara kwa mara, hata na watu wasiomwuliza neno jingine lolote: mtu akandwe mara ngapi? Huliuliza bibi aliyempokea nyumbani binti yake mwenye mtoto mchanga. Huliuliza mkulima wa vitunguu wa Mang'ola ambaye kiuno kimekataa kunyooka. Huliuliza dereva wa magari ya watalii, na siku hizi huliuliza hata msichana aliyeajiriwa katika loji kwa kazi hiyo hiyo ya kukanda. Kila mmoja amekwisha kupewa jibu na watu wake kabla hajatufikia. Huyu ameambiwa siku arobaini, yule kila juma, mwingine kila mwezi, na mwingine ameambiwa asiguswe kabisa. Na kila hesabu husemwa kwa nguvu kana kwamba imeandikwa mahali. Tutakalo kulionyesha ni hili, ya kwamba hesabu hizo hazipingani kama zionekanavyo, kwa sababu hazihesabu kitu kimoja. Na ya kwamba iko moja kati yake, nayo ndiyo iliyo kuu kwa heshima, ambayo watu wameihesabia kazi isiyo yake, na kosa hilo laweza kuua.

Tuanze na maneno, maana Kiswahili si maskini katika jambo hili. Kukanda ni kubonyeza kwa kiganja na vidole, kama afanyavyo mtu akandaye unga wa mkate au mfinyanzi akandaye udongo. Tena ni kuweka kitu cha moto juu ya mwili, na hapo twasema kukanda kwa maji ya moto, hata kama mkono haukubonyeza sana. Kuchua ni kusugua mahali panapouma, mara nyingi kwa mafuta au kwa dawa, ili maumivu yapoe au dawa iingie. Kusinga ni neno la pwani: ni kusugua mwili kwa vitu vya manukato, kama vile liwa, na mambo yake ni ya bibi harusi na ya uzuri wa ngozi. Kupapasa ni kugusa kwa kutafuta, kama mtu aliye gizani. Mkunga hupapasa tumbo ili ajue mtoto amelalaje. Kupaka ni kuweka mafuta tu, bila kusudi la kuifikia nyama iliyo chini ya ngozi. Juu ya hayo yote limeingia neno masaji, lililotoka Kifaransa kwa njia ya Kiingereza, nalo halichagui; huyameza maneno yote matano kwa pamoja. Sisi hatulikatai neno hili, maana limekwisha kupata uraia, lakini twaona kwamba anayeuliza habari za masaji hana budi kuulizwa tena, wataka kukandwa, au kuchuliwa, au kusingwa? Akijibu hilo, nusu ya swali lake la kwanza imekwisha kujibiwa. Na msomaji aangalie jinsi neno kandamiza linavyokaa karibu na kanda, kwa sauti na kwa maana. Mkono ule ule, ukizidi kidogo, umekwisha kuwa mzigo.

Sasa twende katika nchi yenyewe. Mji wa Karatu uko mwendo wa kilomita 140 hivi kutoka Arusha, katika uwanda wa juu ulio karibu mita 1500 juu ya bahari, nao ukingo wa Ngorongoro wafika mita 2300 hivi. Ni nchi ya baridi, na katika miezi ya Juni na Julai mtu akiamka hutafuta moto kabla ya kutafuta chakula. Hii ni sababu moja ya watu kupenda kukandwa kwa maji ya moto, wala tusiisahau tunapotafuta sababu zilizo ndani zaidi. Wenyeji wa Karatu ni Wairaqw, ambao wenzao huwaita Wambulu, nao wana majirani Wadatoga, na Wahadza wa upande wa ziwa Eyasi. Na juu, katika Hifadhi ya Ngorongoro iliyowekwa mwaka 1959, wakaa Wamaasai na ng'ombe wao. Tena mji wenyewe umejaa watu waliokuja kwa biashara na kwa kazi za utalii kutoka Kilimanjaro, Singida na kwingineko. Kwa hiyo katika mtaa mmoja tu utakuta wakwe wa makabila matatu, na kila mmoja ana mkono wake na hesabu yake. Ugomvi wa wakwe wawili juu ya tumbo la mzazi mmoja si jambo geni hapa.

Basi tumtazame huyo mzazi, maana kwake ndiko kuliko na jambo kubwa kuliko yote.

Desturi yajulikana katika sehemu nyingi za Tanzania, mijini na vijijini. Mwanamke akiisha kujifungua, mama yake au mkwewe au mwanamke mzima wa mtaa humtengenezea maji ya moto katika beseni, huchovya taulo au kitambaa, hulikamua, kisha humkanda tumbo, kiuno na mapaja, asubuhi na jioni. Baada ya kukandwa hufungwa tumbo kwa kanga, na hiyo nguo ya kufungia tumbo Waswahili wa pwani waliipa jina la mkaja. Ndiyo asili ya kile kipawa cha arusi kiitwacho mkaja, apewacho mama wa bibi harusi, kama ukumbusho wa nguo aliyojifunga alipomzaa. Ukiwauliza akina bibi maana ya maji ya moto, watakujibu kwamba hutoa damu chafu iliyobaki na kulirudisha tumbo mahali pake. Ukiwauliza hesabu, wengi watataja arobaini, au watataja sehemu ya arobaini: juma moja, majuma mawili, mwezi.

Hesabu hii arobaini ni ya kale sana. Waislamu wa pwani huijua kuwa ni mpaka wa damu ya nifasi, na hutoka nje mama na mtoto siku hiyo kwa furaha. Wachungaji nao watakumbuka sura ya 12 ya Mambo ya Walawi, ambamo mwanamke aliyezaa mtoto mwanamume huhesabiwa siku 7 na tena siku 33, jumla yake 40, na aliyezaa mtoto mwanamke siku 14 na 66, jumla yake 80. Msomaji na asome sura hiyo yote, hatakuta neno la kukanda. Ni hesabu ya kukaa, ya kutengwa na kazi na shughuli za watu, hata damu ikome. Na mwili wenyewe waikubali hesabu hiyo kwa namna ya kustaajabisha. Mji wa mimba, saa ile mtoto na kondo vikiisha kutoka, una uzito wa karibu kilo 1. Baada ya juma moja umepungua kufika nusu yake. Baada ya majuma mawili hivi umeshuka chini ya mfupa wa kinena wala hauonekani tena kwa kupapasa tumbo, na katika juma la 6 uzito wake umerudi chini ya gramu 100. Juma la 6 laishia siku ya 42. Watu wa zamani hawakuwa na mizani ya kupimia mji wa mimba, lakini walikuwa na macho.

Walakini, ni nani aliyeurudisha? Hapa ndipo bibi na tabibu wanapoachana. Mji wa mimba hujirudisha wenyewe. Nyama zake hujikaza na kulegea, na mtoto anyonyapo, mwili wa mama hutoa kitu kiitwacho oksitosini ambacho huzidi kuzikaza. Ndiyo maana mama husikia tumbo likimkata wakati wa kunyonyesha katika siku za kwanza. Na ile damu iitwayo chafu hutoka yenyewe, kwanza nyekundu, kisha ya rangi hafifu, kisha nyeupe, kwa muda wa majuma manne hata sita. Bibi aliyekanda kwa siku arobaini akaona tumbo limerudi, husema kwamba ni kazi ya mikono yake. Na ambaye hakukandwa, tumbo lake limerudi pia, lakini yeye hana wa kulisimulia. Kwa hiyo arobaini ni hesabu ya kupumzika, na watu wameigeuza kuwa hesabu ya kukanda. Hilo ndilo kosa tulilolitaja hapo mwanzo.

Mtu aweza kusema, hata kama hayaongezi kitu, maji ya moto yana hasara gani? Maji ya vuguvugu hayana hasara. Kuoga kwayo kwampa mama raha na usafi na usingizi, na katika baridi ya Karatu hatungependa mtu amnyime. Hasara i katika mambo mengine. Maji yanayofaa, kwa mawazo ya wengi, ni yale yanayomfanya mzazi alie, na ngozi ya tumbo lililotanuka huungua upesi. Aliyepasuliwa ana kidonda kilichoshonwa si juu ya ngozi tu bali na ndani, katika mji wa mimba wenyewe, nacho chaweza kufumuka au kuingiwa na uchafu kikibonyezwa kwa taulo lililolowa. Na ikiwa damu yatoka kwa wingi, bibi huweza kufurahi akidhani kwamba uchafu unatoka, kumbe ni mwanamke anayekufa.

Hapa yafaa tuseme neno la haki kwa ajili ya mkono. Uko wakati ambapo mji wa mimba husuguliwa kwa kusudi la kuokoa maisha, nao ni saa zile za kwanza baada ya kuzaa, kama mji umelegea na damu yamwagika. Mkunga aliyefunzwa huusugua kwa juu ya tumbo ili ukaze, huku akitoa dawa. Lakini hata huyo ana kiasi. Mwaka 1912 mtu angaliweza kubishana. Mwaka 2012 Shirika la Afya Duniani liliandika kwamba mwanamke aliyekwisha kupewa oksitosini ya kinga hapasi kusuguliwa mfululizo kwa kusudi la kinga tu, bali mji wake upimwe kwa mkono mara kwa mara kuona kama umekaza. Basi hata katika nyumba ya uzazi yenyewe, mahali ambapo mkono una kazi ya kweli, wamekwisha kutenga kusugua kwa tiba na kusugua kwa mazoea.

Kadhalika kabla ya kuzaa. Wamaasai wana mkunga wao, enkaitoyoni, na miongoni mwa kazi zake ni kumpaka mama mafuta tumboni na kumpapasa, ajue kichwa cha mtoto kiko wapi. Mkono mwepesi wa namna hii hatuna neno juu yake. Tena mwanamke aliye mbali na hospitali huambiwa mapema kwamba mtoto amelala vibaya, naye hupata siku za kusafiri. Neno letu ni juu ya kumgeuza mtoto kwa nguvu. Madaktari nao humgeuza, lakini huanza karibu na juma la 36 au 37, nao hufanya hivyo mahali ambapo chumba cha kupasulia ki tayari, kwa kuwa kondo laweza kubanduka na damu ikavuja ndani. Aliye bomani pake hana chumba hicho.

Twaja sasa kwenye jambo ambalo twaomba kila msomaji alishike, ijapokuwa atayasahau mengine yote. Damu ya mwanamke mwenye mimba huwa na tabia ya kuganda upesi zaidi, na tabia hiyo huzidi katika yale majuma 6 baada ya kuzaa. Ni mpango wa mwili ili asiishiwe damu. Lakini mpango huo una hatari yake. Donge la damu laweza kufanyika ndani ya mshipa mkubwa wa mguu. Mguu mmoja huvimba kuliko mwenzake, shavu la mguu huuma, ngozi huwa ya moto, na pengine rangi yake hugeuka. Sasa angalia mambo yanavyokutana: siku zile zile arobaini ambazo donge hilo ni rahisi kufanyika, ndizo siku ambazo mwanamke amewekwa mbele ya mtu mwenye mikono yenye nguvu, ambaye akiona mguu umevimba na unauma, wazo lake la kwanza ni kuuchua kwa nguvu zaidi. Donge likibanduka huenda na damu hata moyoni, na kutoka hapo huingia katika mapafu na kuziba. Mtu hukosa pumzi, husikia maumivu kifuani, pengine hukohoa damu, na pengine hufa kabla ya gari kupatikana. Majirani watasema amerogwa, au ametokewa na pepo wa uzazi. Mguu mmoja uliovimba haukandwi wala hauchuliwi hata mara moja. Hesabu yake ni sifuri. Hupelekwa hospitali, Endulen kwa walio ndani ya Ngorongoro, au Karatu kwa walio chini, nao hutibiwa kwa dawa ya kuzuia damu kuganda.

Tena tukimwondolea bibi hesabu yake, ni vema tumpe nyingine, maana mtu hapendi kuachwa mikono mitupu. Shirika la Afya Duniani lataka mzazi na mtoto waangaliwe na mhudumu wa afya mara nne: katika saa 24 za kwanza, kati ya saa 48 na 72, kati ya siku ya 7 na ya 14, na katika juma la 6. Bibi akipewa kazi ya kukumbusha siku hizo nne, na kuitazama miguu ya bintiye kila jioni, na kumpikia uji, na kumzuia asibebe ndoo, amebaki na heshima yake yote. Twawajua akina bibi waliokubali badiliko hili upesi kuliko wakwe wa kiume, ambao hawajakanda mtu tangu kuzaliwa kwao.

Donge hilo la damu latupeleka katika nyumba nyingine, ambako hakuna mzazi wala beseni. Tangu barabara ya lami ilipofika lango la Ngorongoro mwanzoni mwa miaka ya 2000, loji zimezidi kando ya Karatu na juu ya ukingo, na nyingi zina chumba cha kukandia wageni. Mgeni hufika hali amechoka. Ameketi katika ndege saa nane au kumi, ameketi tena garini kutoka uwanja wa Kilimanjaro hata Arusha na kutoka Arusha hata huku, naye huona kwamba miguu yake imekuwa kama magogo. Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani lilitoa matokeo ya uchunguzi wake: mtu akisafiri kwa kuketi saa 4 au zaidi, hatari ya donge la damu huwa karibu mara mbili ya kawaida yake, ijapokuwa kwa jumla bado ni ndogo, kama mtu 1 katika 6000. Kwa ajili ya mtu mmoja huyo, msichana mkandaji na azoee kuitazama miguu miwili kabla ya kuigusa, na akiona mmoja umezidi mwenzake, aseme hapana kwa adabu na amwite mkubwa wake. Wengi wa wasichana hawa walikuwa wanafunzi wetu jana. Hesabu na kusoma twaliwafundisha. Hili nalo latosha somo moja.

Sasa habari za watu wa kazi. Mwenye kupandikiza miche ya vitunguu Mang'ola huinama tangu asubuhi hata jua kali. Mchumaji wa kahawa wa Oldeani hunyosha mikono juu siku nzima. Mlimaji wa mteremko wa Rhotia hushika jembe na mgongo wake hushika kilima. Jioni mtu wa namna hii humwita mtoto wake amkanyage mgongoni, au mkewe amchue kwa mafuta ya alizeti. Huyu naye akiuliza mara ngapi, twaweza kumjibu kwa kitu kilicho bora kuliko maneno ya jirani, maana watu wamelipima jambo hili.

Mwaka 2012 Adam Perlman na wenzake katika Marekani walichapisha habari za watu 125 wenye magoti yaliyochakaa. Waliwagawa katika makundi, wengine wakakandwa nusu saa na wengine saa nzima, mara moja au mara mbili kwa juma, kwa majuma manane kwa jumla. Wakaona kwamba saa nzima mara moja kwa juma ndiyo iliyofaa, kwa kulinganisha faida na usumbufu wake. Mwaka 2014 Karen Sherman na wenzake wakatoa habari za watu 228 wenye maumivu ya shingo ya siku nyingi. Kwa majuma 5 walikandwa kwa namna mbalimbali, na matokeo yalikuwa kwamba nusu saa, hata ikirudiwa mara tatu kwa juma, haikuwapita sana wale waliongojea bila kukandwa. Bali saa nzima mara mbili au tatu kwa juma iliwasaidia. Shingo na goti, basi, hazina hesabu moja. Na mwaka uliofuata, 2015, Andrea Furlan na wenzake waliyakusanya majaribio 25 juu ya maumivu ya kiuno. Wakasema kwamba kukandwa hupunguza maumivu kwa muda mfupi, lakini ushahidi wenyewe si wa kutegemewa sana.

Sisi twayasoma hayo hivi. Hakuna hesabu ya maisha. Iliyopo ni hesabu ya kiungo fulani, kwa majuma fulani, kisha mtu hutazama kama amepata nafuu. Mkulima na achuliwe nyumbani mara moja au mbili kwa juma, kwa saa nzima na si kwa dakika kumi za haraka, kwa muda wa majuma matano hivi; akiona tofauti katika kazi, aendelee kwa kiasi; asipoona, aache, atafute sababu nyingine, pengine ni mpini wa jembe uliokuwa mfupi. Maumivu ya mgongo yenye homa, au yenye ganzi katika mapaja, au yanayomzuia mtu kukojoa, hayangojei juma hata moja. Na yule anayetaka kukandwa mara moja kwa mwezi kwa kuwa humburudisha, hana haja ya kutuuliza. Anunue burudani yake kwa kadiri ya mfuko wake, ila asiiite tiba.

Kuteguka ni habari nyingine. Mtu akianguka katika mawe akaumia kifundo cha mguu, wenzake hukimbilia kuchua kwa maji moto na chumvi pale pale. Katika siku mbili au tatu za kwanza kuchua na moto huzidisha uvimbe. Yafaa baridi, kupumzisha, na kuinua mguu. Na asiyeweza kwenda hatua 4 kwa mguu huo apigwe picha kwanza, maana mfupa uliovunjika ukichuliwa husogea.

Watoto wachanga tutawapita kwa ufupi. Desturi ya kumkanda mtoto kwa mafuta na kumnyoosha viungo kila aogapo haina ubaya ikiwa ni kupaka kwa mkono mwepesi. Ikiwa ni kuvuta shingo na kubonyeza kichwa ili kiwe cha mviringo, iachwe. Iko habari moja ya kupendeza juu ya kupaka. Katika hospitali ya Dhaka, nchi ya Bangladesh, watoto waliozaliwa kabla ya juma la 33 walipakwa mafuta ya alizeti mara tatu kwa siku katika siku 14 za kwanza, kisha mara mbili. Na habari iliyotolewa mwaka 2005 ilionyesha kwamba maradhi ya kuambukizwa hospitalini yalipungua kwao kwa asilimia 41. Mafuta yale yalikuwa safi, ya hospitali, wala si yale ya chupa iliyo wazi jikoni. Lakini tuangalie jinsi walivyolijibu swali letu: walitaja kitendo, wakataja aliyetendewa, wakataja muda, ndipo wakataja hesabu.

Limebaki jambo ambalo waulizaji hawaliulizi, nalo ni habari za mwenye kukanda. Msichana wa loji, wakati wa wageni wengi, huweza kukanda mtu baada ya mtu tangu adhuhuri hata usiku, na kila mmoja humtaka atie nguvu. Kidole gumba chake na kifundo cha mkono ndivyo vinavyolipa. Wakandaji wenye uzoefu hutumia uzito wa mwili badala ya kidole, hutumia kigasha na kiwiko, na hupumzika kati ya mtu na mtu. Asiyefundishwa hayo huanza kusikia ganzi vidoleni usiku, kisha hushindwa kushika kikombe. Mwajiri hupanga ni mara ngapi mgeni akandwe. Ni vema apange pia ni mara ngapi msichana akande, na ayaandike hayo katika daftari ile ile.

Walimu walio Endabash, Mbulumbulu, Mang'ola na Endulen watafanya vema wakiyaandika maneno ya kukanda, kuchua na kupapasa kama wazee wa hapo wanavyoyasema kwa Kiiraqw, Kidatoga na Kimaasai, pamoja na hesabu inayofuata kila neno, maana akina bibi wanaoyajua wazidi kupungua, na wajukuu wao wasema masaji.